Kahawa Uliyoiuza Ingali Maua

Biharamulo mjini,
Jumapili, baada ya misa.

Kwako Baba Anatoli,
Murukulazo, Ngara.

Nakuamkia kwanza kwa heshima, maana umri wako umeuzidi wangu na sitaki uje useme nilianza barua kwa ugomvi. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia juu ya kabati unaipaka, au unaitazama tu ukingoja nirudi nikupake mimi? Huku sote tu wazima. Mkamwana wetu kidonda cha upasuaji kimefunga vizuri, anainama mwenyewe kuchukua ndoo ingawa namkataza. Mtoto ananyonya, amenenepa, ana paji la uso kama lako, tutafanyaje. Mvua zimeanza, matope ni mengi, lakini mji unakwenda.

Salamu zimetosha. Sasa nakuuliza, na unijibu kwa mkono wako mwenyewe. Ni kweli kwamba kahawa yote ya shamba la chini umeiuza kwa butura ikiwa bado maua, na mimi mkeo nikiwa chumba hicho hicho nafunga mizigo nije huku kumhudumia mzazi? Yaani mimi nakunja vitenge, wewe unatoka uani na simu unauza mwaka mzima?

Usinijibu kwa simu. Simu yako unaiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio, na kila anayepita barabarani anasikia tumekula nini. Ndiyo maana nimeandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne na mkono unachoka haraka. Ukikuta herufi zimelala, ziinue mwenyewe.

Kahawa ile tulisema ni ya Leokadia. Tulikubaliana wewe na mimi, tumekaa jikoni, kwamba kitinda mimba wetu akishamaliza kidato cha nne, mavuno yajayo yampeleke chuo cha uuguzi. Mimi nilibeba nyasi kichwani kutandaza chini ya ile mibuni nikiwa na neno hilo moyoni. Na yeye anajua. Anawaambia wenzake kanisani kwamba anaingia chuo. Sasa ataingia na nini?

Tangu jana niko kama mtu aliyepigwa kichwani. Asubuhi hii nimekwenda bombani, nimejaza ndoo, nimeimwaga uani, nimerudi ndani na ndoo tupu. Mkamwana akaniuliza, "Mama, maji yako wapi?" Ngoja nikueleze nilivyoyajua, maana hukuniambia wewe, na mwanao Anatoli hakuniambia. Nimeambiwa na kuku.

Unamkumbuka yule mtetea mwekundu niliyekuja naye kwenye kikapu. Nilimpa Groli, mjukuu wetu, kama mama yangu alivyonipa mimi na mimi nilivyowapa wanangu wote. Mtoto wa darasa la tano anatosha kuwa na kuku wake, ajue kulisha na kungoja. Kuku akataga, akalalia mayai tisa nyuma ya jiko. Groli alikuwa anamchungulia kila akitoka shule. Nikasema mtoto huyu ana mkono, atakuja kufuga.

Jana Jumamosi asubuhi namwogesha mtoto, nikasikia hodi. Ni Mama Devi, jirani yetu muuza dagaa, wa watu waliohamia kutoka Shinyanga. Mwanamke mwenye sauti, lakini hana ubaya.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Pita, mkono wangu una sabuni."

"Sikai. Nimekuja kumchukulia Devi kifaranga chake."

Nikamwambia hapa hakuna kifaranga cha Devi. Kuku ni wa Groli na hajauzwa.

"Hajauzwa yeye," akasema. "Wameuzwa watoto wake."

"Watoto gani? Wametoka juzi tu."

"Devi alinunua kabla hawajatoka. Ndiyo maana alipewa bei rahisi. Alikaa wiki nzima bila andazi shuleni akilipa kidogo kidogo. Sasa kama ni jogoo au mtetea, hiyo siulizi. Nipe chochote chenye miguu miwili."

Nikafikiri ananitania, maana watu wa kwao na sisi hatuachi kutaniana. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia wako wengine, si Devi peke yake, darasa zima linajua kwamba Groli anauza vifaranga wakiwa ndani ya mayai.

Baba Anatoli, mayai yalikuwa tisa. Wametoka vifaranga wanne. Mayai mengine yalikuwa viza, nimeyatupa kwa mkono wangu. Na mjukuu wako alikuwa ameuza saba.

Nilimwita kutoka kwenye mchezo. Akaja na matope miguuni, akamwona Mama Devi, akasimama pale pale mlangoni.

"Groli, umeuza kuku ambao hawapo?"

"Walikuwepo Bibi. Walikuwa hawajatoka."

"Nani amekufundisha wizi huu?"

"Si wizi. Ni butura."

Nilikaa chini. Nilikaa na mtoto mchanga mwenye povu, maji yananichuruzika mapajani. Nikamuuliza butura anaijua wapi, mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye akiona mbuni anauliza kama ni mpera. Akanieleza vizuri kabisa kama anayemjibu mwalimu. "Ni ukiwa na shida ya hela sasa hivi na kahawa yako bado ni maua. Mtu anakupa hela kidogo leo, halafu ikiiva anaichukua yote yeye. Kama Babu alivyofanya."

"Babu yupi?"

"Babu wa Murukulazo."

Mama Devi akasema dagaa wake wako juani, akaondoka. Ana akili yule mwanamke.

Basi mtoto akanisimulia. Siku mama yake alipohamishiwa hospitali kubwa, Anatoli alikuwa ndani anaongea na wewe. Aliwatoa watoto nje kama kawaida yake, maana katika nyumba hii neno hela likitajwa watoto wanafukuzwa kama kuku kwenye mtama. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na wewe kwa masikio yako hayo ukiongea na simu unapiga kelele. Groli alikuwa chini ya dirisha na mdogo wake mgongoni. Alimsikia baba yake akisema hana hela ya gari wala ya upasuaji, hata ya sabuni ya mtoto atakayezaliwa hana. Alikusikia na wewe. Unajua anakuigiza sauti? Anakuigiza mpaka kikohozi. "Yupo mnunuzi hapa, anataka kahawa ikiwa maua, nitachukua. Ila mama yako asijue, atapiga kelele."

Kelele ndizo hizi. Zipokee.

Nikamuuliza Groli hela ya vifaranga ameipeleka wapi. Nilidhani ataniambia pipi. Akavuta kucha, halafu akanionyesha beseni la nguo za mtoto. Sabuni, Baba Anatoli. Ile miche miwili ya sabuni ninayofulia nepi tangu mwezi uliopita. Mimi nilijua ameileta Anatoli. Mkamwana alijua nimeileta mimi. Imenunuliwa na mtoto wa darasa la tano kwa hela za maandazi ya wenzake, kwa sababu alisikia dirishani kwamba nyumba yao haina kitu, na hakuna mtu mzima aliyemwambia baadaye kwamba shida ile imepita. Alibaki nayo peke yake kichwani. Alikuwa anakuja kula ugali mezani nasi, anatutazama usoni, anajua tumeuza kahawa, na mimi mwenye kahawa sijui.

Nimeishi miaka mingi, nimeona wakimbizi wakipita na godoro kichwani, nimezika ndugu. Lakini jana nilishikwa na bumbuwazi mbele ya sabuni.

Hata hivyo sikumbembeleza. Unanijua. Nilimwambia machozi afute, avae viatu. "Ulichouza umeuza. Chukua vifaranga wanne uwapeleke kwa wenyewe, mmoja mmoja. Na wale watatu ambao cha kwao hakikutoka, nenda ukawaambie kwa mdomo wako."

"Bibi, twende wote."

"Nitakwenda, lakini sisemi. Mdomo uliouza ndio utasema."

Tukazunguka. Matope mpaka kwenye vifundo. Devi akapata kifaranga chake, mweusi, akakitia ndani ya shati. Wawili walikubali kungoja kuku alalie tena. Wa mwisho, msichana mmoja mrefu mwenye ulimi, alikataa. Akamwambia Groli, "Mimi sitaki maneno, nataka hela yangu. Na siku nyingine uza kitu tunachokiona." Groli akaniangalia, nikaangalia pembeni kwenye uzio. Mwisho wakapatana atamlipa mayai, moja moja kila kuku akitaga, mpaka deni liishe. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo akaniambia, "Mimi nilijua wote tisa watatoka." Nikamwambia hata wanaouza kahawa wanajua hivyo hivyo.

Anatoli akaja kula mchana. Unajua ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko, Jumamosi huwa halifungi mapema. Akanawa, akakaa. Nikamwambia leo tunaongea habari ya hela. Akaweka tonge chini.

"Sawa Mama. Watoto watoke kwanza."

"Hawatoki."

"Mama, haya si mambo ya watoto."

"Wameyasikia dirishani, wayasikie na ndani. Kaa Groli. Haya wewe, sema kahawa ya baba yako iko wapi."

Mkamwana alikuwa ananyonyesha, akainua uso. Na yeye alikuwa hajui, Baba Anatoli. Aliambiwa ni hela ya dukani. Akasema polepole, "Kwa hiyo mimi nilipasuliwa kwa ada ya Leokadia?" Mwanao akaanza kumwambia mtoto mdogo asichezee mchuzi.

Sasa nisikilize hapa vizuri, usije ukasema bibi kizee amekasirika kwa sababu mkwe aliokolewa. Kwa ajili ya mkwe wangu ningeuza hata kitanda. Kinachoniuma ni kwamba mngeniuliza, ningewaambia uzeni mbuzi. Nina mbuzi sita pale nyuma, wewe unawasikia wakilia kila asubuhi. Mbuzi wanne wangelipa gari na upasuaji na kubakiza, na kahawa ingebaki mtini ikiiva taratibu. Ukauza gunia kwa bei ya debe kwa sababu ulikuwa unaogopa mdomo wangu. Bei yenyewe Anatoli amenitajia. Siiandiki hapa, nitaona aibu karatasi hii ikifunguliwa njiani.

Nikamwambia Anatoli ampigie huyo mnunuzi palepale, aweke sauti ya juu kama ya kwako, wote tusikie. Nikaongea mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye mwenye mibuni. Tunakurudishia hela yako na ya juu kidogo, utuachie kahawa."

Akacheka. Kicheko cha adabu, lakini alicheka. "Mama yangu, haiwezekani. Ile kahawa na mimi nimeshaiuza mbele."

"Umeiuzaje na iko shambani kwangu?"

"Ndiyo biashara ilivyo, Mama. Niliyemuuzia naye ameshaiuza."

Nikampa Anatoli simu yake. Watu watatu wameuza kahawa yangu na mimi niliyeipalilia sijauza hata punje.

Anatoli akaanza kuchemka. Akasema butura imekatazwa na serikali, jambo dogo, twende kwa mtendaji tumshtaki, mtu akija na magunia akamatwe, hela yake aiache iwe fundisho. Kusema kweli maneno yale yaliniingia kama uji wa moto wakati wa baridi. Nilikuwa tayari kukuandikia uchukue panga ukae mlangoni mwa shamba. Nilikuwa nimeshaanza kusema, "Ndiyo, na kijiji kizima kimwone."

Groli akauliza, "Bibi, kwa hiyo Devi turudi tukamnyang'anye?"

Hakuuliza kwa ufidhuli. Alikuwa anataka kujua. Alikuwa bado ana matope miguuni ya kwenda kuomba radhi kwa watu kama nilivyomtuma mimi.

Anatoli akamtazama binti yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Nikamwambia mtoto hapana. Hatumnyang'anyi Devi. Na hatumnyang'anyi yule mtu wa kahawa. Kama anavunja sheria, serikali ina macho, lakini hela yake tuliipokea tukijua, ikamleta huyu mtoto ninayemwogesha kila siku.

Kwa hiyo panga liache pale lilipo. Kahawa ikiiva, akija na magunia, mfungulie. Vuna naye, msimamie asivunje matawi, asikwangue na mbichi, akimaliza aondoke. Mwakani akitokea kijana mwingine na hela mkononi wakati wa maua, mwambie mwenye mibuni anaitwa Koleta na hajafa.

Huku tumeshapanga. Anatoli amekubali, mbele ya mkewe na watoto, kwamba duka lake litarudisha hela ile kidogo kidogo kwenye ada ya mdogo wake. Kila Jumamosi wakila, atasema kimeingia nini na kimetoka nini, na watoto wakiwepo. Hataki, anasema inamvunjia heshima. Nimemwambia heshima yake tumeshaiona ilivyo, iko chini ya dirisha. Mbuzi wauze wawili sokoni, si watatu, yule mwenye mimba usimguse. Hata hivyo haitatosha kwa mwaka huu ujao. Nimepiga hesabu kwa vidole mara nyingi, haitoshi. Leokadia atangoja mwaka.

Na hilo, Baba Anatoli, utamwambia wewe.

Usimtume kaka yake ampigie simu. Usingoje mimi nirudi. Usimwache mtoto wa watu asimame mlangoni siku moja aone mtu mgeni anaingia shambani na magunia, ndipo aelewe. Mjukuu wako aliyajua mambo yetu kwa kujibanza ukutani, na umesoma hapo juu alichofanya nayo. Leokadia ni mtu mzima kuliko yeye, anaweza kufanya kubwa zaidi. Anaweza kwenda kufanya kazi za ndani Mwanza bila kuaga, kwa kudhani anatusaidia.

Nisalimie dada yako Perpetua, mwambie mtetea wangu mweupe aliyemwazima arudi, siku hizi naulizia kila kuku. Msalimie jirani yetu fundi baiskeli na mkewe. Msalimie katekista, mwambie wiki hii sikuimba, sauti ilikwenda kwingine. Mkamwana anakusalimu, amesema anashukuru na ana aibu, nimemwambia achukue shukrani aiache aibu. Groli anakuamkia, anasema shikamoo Babu, na anamlisha kuku arudi kutaga upesi.

Sasa ukiikunja barua hii, mwite Leokadia. Mkae jikoni, mahali pale pale tulipopanga. Mwambie ilivyokuwa tangu mwanzo, na sababu yake, na jina la mtu aliyenunua. Akilia mwache alie. Akikunyamazia, ngoja. Akiuliza bei, mtajie.

Ni mimi mkeo,
Koleta, Mama Anatoli.